Damu Isiyo ya Wakati Wake
Hotuba juu ya dalili za saratani ya mlango wa kizazi, iliyosomwa na wauguzi wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twaishukuru Halmashauri kwa kutupa nafasi ya kusema mbele yenu leo, baada ya hesabu za Mweka Hazina na kabla ya uchaguzi. Sisi ni wauguzi na wakunga tulio wanachama wa Chama hiki, na neno tulilo nalo ni neno ambalo kwa desturi halisemwi mahali walipoketi wanaume na wanawake pamoja. Halmashauri ilituuliza kama haingekuwa vyema tuwaite akina mama peke yao katika chumba cha nyuma. Tulikataa, na sababu ya kukataa mtaifahamu kabla hatujamaliza. Mwenye kuona haya na ainamishe uso, lakini twamwomba asizibe masikio.

Ugonjwa wenyewe huitwa saratani ya mlango wa kizazi. Wengine husema shingo ya kizazi, nayo ni kitu kimoja. Kizazi cha mwanamke, yaani nyumba anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa, umbo lake lafanana na kibuyu kidogo kilichopinduliwa, tumbo juu na shingo chini. Ile shingo ndiyo mlango. Damu ya mwezi hupita hapo, na mtoto siku yake ikifika hupita hapo. Ugonjwa huanzia katika ngozi laini ya mlango huo.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, katika mwaka wa 2020 wanawake zaidi ya 5,000 wa Kenya walipatwa na ugonjwa huu, na zaidi ya 3,000 walikufa kwa sababu yake. Kwa wanawake wa nchi yetu ni saratani ya pili kwa wingi, baada ya ile ya matiti. Lakini linalotuuma sisi tunaofanya kazi wodini si wingi huo peke yake. Katika saratani zote, hii ni mojawapo ya chache ambazo chanzo chake chajulikana, mwendo wake ni wa polepole, na mahali pake pa kuanzia paweza kutazamwa kwa macho na muuguzi aliyefunzwa, hata katika zahanati isiyo na umeme. Mama anayeletwa kwetu akiwa hawezi tena kusimama, aghalabu alikuwa na miaka kumi au zaidi ya kuweza kuokolewa.

Chanzo chake ni kirusi kiitwacho papiloma. Viko vya aina nyingi, zaidi ya 100, na vilivyo vingi havina madhara makubwa. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kadiri ya saba katika kila saratani kumi za mlango wa kizazi. Profesa Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake ndio waliozigundua katika uvimbe wa saratani hii mwaka wa 1983 na 1984, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Kirusi hiki huambukizwa kwa kukutana kimwili. Na hapa twaomba tusikizwe vizuri, kwa maana ulimi wa watu umewaumiza wagonjwa wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Kirusi hiki kimeenea mno, hata watu walio wengi waliowahi kukutana na mwenzi hukipata wakati fulani wa maisha yao, na mwili hukifukuza wenyewe katika mwaka mmoja au miwili pasipo wao kujua. Mwanamume hukibeba bila dalili yoyote. Mke ambaye hajapata kumjua mwanamume mwingine ila mumewe aweza kupata saratani hii. Kwa hiyo, asiwepo mtu katika Chama hiki wa kumnyoshea kidole mgonjwa na kumwita malaya. Ni uongo, na tena ni uongo unaowafanya wengine waogope kwenda hospitali.

Kwa wanawake wachache kirusi hakiondoki. Hukaa katika ile ngozi ya mlango na kuigeuza kidogo kidogo. Tangu kuingia hata kuwa saratani kamili huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mama ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kama mwenye virusi vya Ukimwi asiyepata dawa, mwendo huo waweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Na akina mama wenye virusi hivyo wamo katika hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya wengine. Uvutaji wa tumbaku nao huongeza hatari.

Sasa tuje kwenye dalili. Kwanza hapana budi tuseme jambo ambalo halipendezi: mwanzoni hakuna dalili. Wakati ule ambao ngozi inageuka lakini haijawa saratani, mwanamke hasikii maumivu, haoni damu, anakula, analima, anazaa. Hata saratani ikiisha anza, yaweza kunyamaza muda. Ndiyo maana dalili hizi tutakazozitaja si kengele ya kwanza. Zikisikika, ugonjwa kama ni huo umekwisha tembea hatua kadhaa, na kila mwezi una thamani.

Dalili iliyo kubwa kupita zote ni damu inayotoka baada ya tendo la ndoa. Uvimbe wa saratani hii una mishipa mingi midogo, tena ni laini na hupasuka upesi. Ukiguswa tu, hutoa damu. Yaweza kuwa matone machache kwenye shuka, au rangi tu katika kitambaa. Haina uchungu, na kwa kuwa haina uchungu hudharauliwa. Basi, akina bwana, hii ndiyo sababu ya kwanza ya kukataa kwetu kuwaita akina mama peke yao. Damu hiyo, mara nyingi mume ndiye wa kwanza kuiona. Tumewasikia wake wakituambia yale waliyotendewa siku hiyo: mmoja aliulizwa anatoka na nani, mwingine alihamiwa chumba, mwingine aliambiwa ana uchafu na arudi kwao akatibiwe. Mume mwenye akili akiiona damu hiyo atauliza neno moja tu, nalo ni kliniki hufunguliwa saa ngapi.

Dalili ya pili ni damu inayokuja katikati ya mwezi, kati ya hedhi na hedhi, au hedhi inayozidi siku zake na wingi wake kuliko ilivyozoeleka. Hapa pana utata, maana wengi wetu hutumia sindano au kijiti cha kupanga uzazi, na hivyo vyaweza kuvuruga hedhi pasipo ugonjwa wowote. Vilevile kuna uvimbe wa kizazi usio wa saratani, kuna mimba inayoharibika, na kuna maradhi ya kuambukizwa. Hatusemi kila damu ni saratani. Walio wengi tunaowaangalia kwa sababu ya damu hawana saratani, nao hurudi nyumbani na dawa au na maneno ya kuwatuliza. Tunalokataza ni mama kujihukumia mwenyewe kwamba ni sindano, akakaa miezi minane akingoja iishe.

Dalili ya tatu twataka kukaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayotuibia nyanya zetu. Mwanamke akikatika hedhi, na mwaka mzima ukapita bila kuona damu, hana hedhi tena. Mlango huo umefungwa. Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo, iwe nyingi au tone moja, nyekundu au ya rangi ya kahawia, si hedhi iliyorudi. Lakini vijijini kwetu husemwa kwamba ujana umemrudia. Wajukuu hucheka, mashoga hutania, na mwenyewe akaona fahari kidogo au akaona haya akaificha. Tumempokea mama wa miaka sitini na zaidi aliyefua kanga zake usiku kwa muda wa mwaka, ili mkamwana asione. Alipoletwa, kilichomleta si ile damu, ni miguu kuvimba. Twasema wazi: damu baada ya kukatika hedhi ni safari ya hospitali juma lilo hilo. Ikiwa si saratani ya mlango, yaweza kuwa ya kizazi chenyewe, nayo yataka kuangaliwa vivyo hivyo.

Iko pia dalili ya majimaji. Kila mwanamke ana unyevu wake wa kawaida naye aujua. Huu ni mwingine: ni mwingi, mwepesi kama maji au uliochanganyika na damu, na una harufu mbaya isiyoondoka kwa kuoga. Akina mama hujaribu chumvi, ndimu, majani, sabuni za manukato. Wengine hufika zahanati, nao hupewa vidonge vya maambukizo, hurudi tena wakapewa vidonge vilevile, na mara ya tatu vivyo hivyo, bila mtu kuwaangalia ndani. Tumeona kadi za namna hiyo. Kama umepewa dawa ukamaliza, na majimaji yako palepale, usikubali kupewa dawa hiyo tena kwa maneno matupu. Sema kwa heshima, lakini sema: “Daktari, naomba uniangalie mlango wa kizazi.” Maneno hayo ni haki yako, wala hapana mtumishi wa afya aliye mwungwana atakayekasirika nayo.

Maumivu huja nyuma. Huwa chini ya kitovu, kwenye nyonga, kiunoni, au wakati wa tendo la ndoa. Mwanamke wa Kenya abebaye maji na kuni ana sababu nyingi za kuumwa kiuno, kwa hiyo maumivu peke yake hayatuambii mengi. Yakifuatana na damu au majimaji, yatuambia. Na dalili za mwisho, ambazo twatamani kusingekuwa na mtu wa kuzijua, ni mguu mmoja au yote miwili kuvimba, damu katika mkojo au choo, mkojo au choo kuvuja kupitia ukeni, mwili kukonda, weupe wa macho kwa kupungukiwa damu, na figo kushindwa kazi kwa sababu uvimbe umebana mirija ya mkojo. Hata hapo twaweza kupunguza maumivu na kumtunza mtu kwa heshima yake. Lakini kuponya huwa kumekwisha kuwa kazi ngumu mno.

Wako watakaosema kwamba mwanamke asiye na elimu ya uganga hawezi kujua yanayotendeka ndani ya mwili wake. Twawajibu kwa habari ya mama mmoja mweusi wa Marekani, Henrietta Lacks, mama wa watoto watano. Mwanzoni mwa mwaka wa 1951 alihisi fundo ndani yake kabla ya daktari yeyote kulijua, naye alikuwa akiona damu isiyo ya wakati wake. Akaenda mwenyewe katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akawaeleza, nao walipotazama wakaukuta uvimbe pale mlangoni. Ugonjwa wake ulikuwa mkali, na tiba ya siku zile haikumfaa; alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31. Chembe za uvimbe wake zilichukuliwa bila ya yeye kuombwa ruhusa, zikakua katika maabara na zingali zikikua hata leo, na ndani ya chembe hizo kirusi cha papiloma cha aina ya 18 kilikuja kuonekana. Dhuluma ya kuchukua bila kuomba tusiisahau. Nasi tukumbuke kwamba ushahidi wa kwanza katika habari hiyo yote ulikuwa wa mwanamke aliyeujua mwili wake.

Watu hutuuliza, huko kuangaliwa kukoje? Mama hulala chali juu ya kitanda, nyuma ya pazia, amejifunika shuka. Muuguzi huingiza chombo kilicho kama mdomo wa bata, ili apate kuuona mlango. Si kitamu, lakini kwa walio wengi si uchungu. Aliyezaa amepita makubwa zaidi. Kisha hupaka siki iliyopunguzwa makali, akangoja dakika moja. Mahali penye ngozi iliyogeuka hupata weupe. Njia nyingine ni kukwangua chembe chache na kuzipeleka maabara, kama alivyofundisha Daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, katika kitabu alichotoa na mwenzake mwaka wa 1943. Na njia inayosifiwa sasa na Shirika la Afya Duniani ni kukitafuta kirusi chenyewe. Kwa kipimo hicho mwanamke aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, mlango wa chumba umefungwa, asionwe na mtu. Kama haya ndiyo yanayokuzuia, basi haya hiyo nayo imepatiwa dawa.

Likionekana doa ambalo bado si saratani, huondolewa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, na mama hurudi kwake kwa miguu yake. Kizazi hakitolewi. Atakayeona damu au majimaji machache siku za kwanza asishtuke; ataelezwa. Ikiwa ni saratani kamili iliyoonekana mapema, kuna upasuaji. Ikiwa imeenea, kuna mionzi pamoja na dawa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa hospitali za serikali hakuwa na pa kwenda kutafuta mionzi ila Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi. Siku hizi mashine ziko pia Mombasa, Nakuru na Garissa, ijapokuwa foleni ni ndefu na gharama ni nzito. Kila mwanachama na ahakikishe kwamba watu wa nyumbani mwake wameandikishwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa ile bima ya zamani mwezi wa Oktoba 2024. Kuandikishwa siku ya ugonjwa ni kuchelewa.

Asiye na dalili naye apimwe. Shirika la Afya Duniani lashauri kuanza kwenye umri wa miaka 30, na kwa mwenye virusi vya Ukimwi miaka 25. Kipimo cha kirusi kikiwa safi, mama hukaa miaka 5 au hata 10 kabla ya kingine, na mwenye virusi vya Ukimwi miaka 3 hadi 5. Muuguzi wa kliniki atamwambia tarehe yake.

Juu ya mabinti zetu tutasema machache, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa limekwisha rahisishwa. Serikali ya Kenya ilianza mwezi wa Oktoba 2019 kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya kirusi hiki. Chanjo hufaa zaidi kabla msichana hajakutana na kirusi, ndiyo maana hutolewa akingali mtoto. Uvumi kwamba yafunga uzazi umetufikia, tena mara nyingine kutoka midomo ya watu wanaoheshimiwa. Hauna ukweli. Na aliyechanjwa, atakapokuwa mtu mzima, bado atapimwa kama mamaye, kwa sababu chanjo haizuii kila aina.

Bwana Mwenyekiti, sababu ya pili ya kutaka wanaume wawepo ni hii. Tumesikiliza hesabu za Mweka Hazina, nazo zimesomwa vizuri. Chama hiki kina Mfuko wa Maziko, na mwanachama afiwapo na mkewe, twakodi gari, twanunua sanduku, twamsindikiza hadi nyumbani kwao. Nasi twajivunia jambo hilo kwa haki. Lakini katika kanuni zetu zote hakuna ukurasa unaoruhusu kumpa mwanamke huyohuyo nauli ya kwenda kupimwa angali akitembea. Wake wengi wa wanachama hawashiki fedha. Akimwomba mume nauli, ataulizwa ya nini, na jibu la swali hilo ndilo lile lisilosemeka. Basi hunyamaza.

Kwa hiyo twatoa hoja, na twaomba iandikwe: kwamba Halmashauri itenge sehemu ya Mfuko huo, kadiri Mweka Hazina atakavyoona inafaa, iwe nauli ya kupimwa kwa mke, mama au binti mtu mzima wa kila mwanachama, kwamba fedha hizo zitolewe na Katibu wa akina mama, bila mwombaji kuulizwa sababu wala jina lake kusomwa mkutanoni, na kwamba itakapoonekana haja ya kwenda hospitali ya mbali, awepo mwanachama mwanamke wa kufuatana na mgonjwa siku ya kwanza. Walio tayari kufuatana nao tumekwisha andika majina yao, nayo yako mkononi mwa Katibu.

Twaomba hoja hii iamuliwe kabla ya uchaguzi, watu wasije wakatawanyika. Sisi tutaketi katika chumba cha nyuma hadi saa kumi na moja. Mama mwenye swali aje, na asiyetaka kuuliza mbele ya wenzake ataitwa peke yake. Akina bwana nao waje, kiti kipo.